Bibi Harusi na Kibogoyo

Kila shimo la nyanya katika bonde la Ilula lilikuwa na mbegu mbili, na kabla ya juma kuisha moja ingeamka na nyingine ingegeuka mbolea. Mwenye neno la mwisho alikuwa Yusta Kihwele, mkuu wa Kituo cha Majaribio ya Mbegu, mwanamke wa makamo mwenye miguu mirefu na subira fupi. Asubuhi hiyo alikuwa anarudi kazini kutoka Dodoma, kichwa juu, kwa sababu huko alikokwenda kutoa taarifa alikuwa amepigiwa makofi, na Yusta hakuwa mtu wa kuona haya kupigiwa makofi.

Kilichomletea makofi ni kuishinda Rasta Mpya. Rasta ile ya zamani, ambayo wazee wa Ilula waliijua, ilikuwa ugonjwa wa kawaida: nzi weupe wanaleta kirusi, majani yanajikunja, mmea unadumaa, mkulima anang'oa na maisha yanaendelea. Rasta Mpya ilikuwa na ujanja. Ilibadilisha sura kila msimu, na mbegu iliyoistahimili mwaka jana ililala chali mwaka huu. Ndipo ikatungwa sheria ya mbegu zilizofungwa. Kila mbegu ya biashara ilivikwa gamba lisilojali maji wala mbolea. Kwa kuwa mvua haimsubiri mtaalamu, wakulima walipanda mapema, mbegu zote za fainali katika shimo moja, huku majaribio yakiendelea kituoni mpaka dakika ya mwisho. Siku ya Kufungua, milingoti iliyosimama juu ya vilima ilivuma mlio ambao sikio la mtu halikuusikia, gamba la mbegu iliyoshinda likapasuka, na bonde zima likaota kwa pamoja. Gamba la iliyoshindwa halikupasuka tena. Milingoti hiyo ilikuwa na ufunguo mmoja tu, nao ni kiganja cha mkuu wa majaribio.

Msimu huu mbegu mbili ziliingia fainali. Ya kwanza wafanyakazi waliiita Bibi Harusi, na ukiiona unajua kwa nini: matunda ya duara, mekundu, ngozi ngumu ya kusafiri kwenye tenga hadi Dar es Salaam bila kupata hata alama. Yusta alikuwa ameiunda mwenyewe, kuanzia enzi za uanafunzi wake, chavua kwa chavua. Ya pili waliiita Kibogoyo. Tunda lake lilikuwa limekunjamana kitakoni kama mdomo usio na meno, mabegani limebaki kijani, na lilizaliwa kwa kuhesabu, kana kwamba mmea unaombwa. Yusta alikuwa ameiingiza kwa sababu sheria inataka fainali iwe na timu mbili, basi.

Aliingia kwenye kitalu nyumba kikubwa, kile kilichofunikwa neti laini ambayo nzi mmoja hawezi kutoka wala kuingia, na akasimama hapo hapo mlangoni. Kulikuwa safi mno.

"Shikamoo, baba Galus," alisema, macho yakiwa kwenye mistari.

"Marahaba, Daktari. Pole na safari." Galus Mgovano, msimamizi wa kitalu, alikuja akijifuta mikono kwenye ovaroli. Alikuwa mgeni kituoni. Maisha yake yote alikuwa kayamalizia kwenye mashamba makubwa ya nyanya, na alitembea katikati ya mistari kama baba mwenye nyumba. "Umeonaje? Sasa hata waziri akija atakaa."

"Mashahidi wangu wako wapi?"

"Wale wagonjwa?"

Mashahidi ilikuwa mistari ya nyanya za kienyeji, zile zile ambazo kila nyumba ya Ilula imepanda nyuma ya jiko na kuhifadhi mbegu yake kwenye majivu. Kazi yao katika majaribio ni kuugua. Wanaambukizwa kwa makusudi, nzi wananyonya kwao, kisha wanakwenda kuwajaribu washindani. Bila mgonjwa wa kuambukiza, mshindani atajisifia afya kama mtu anayejisifia ushujaa siku ambayo hakuna vita.

"Niliwang'oa siku ile ile ulipoondoka," alisema Galus kwa fahari. "Nikawachoma. Daktari, bonde zima linakuja hapa Siku ya Kufungua. Waingie wakute mistari imejikunja namna ile? Mgeni hakaribishwi kwenye uchafu. Mimi nimefanya kazi kwenye mashamba ya Mama Fidea, na kule mche ukionyesha rasta asubuhi, saa nne uko motoni. Halafu nikaona mapengo yanatia aibu. Nyumbani nilikuwa na miche ya kienyeji, safi, haijaguswa na nzi, nikaileta nikaziba."

Yusta alifungua mdomo na akaufunga. Ukishampa mtu shikamoo, huwezi kumpigia kelele kabla marahaba yake haijapoa, na Galus alikuwa umri wa baba zake wadogo. Akaimeza hasira yake. Majaribio ya msimu mzima yalikuwa yamefanyiwa usafi kama sebule ya Krismasi.

"Nishushie mapazia," alisema mwishoni. "Nataka kuona kilichobaki."

Galus akavuta mapazia meusi na kitalu kikawa giza. Yusta akawasha taa ya zambarau. Mimea yote ya majaribio ilikuwa imenyweshwa wino hai, dawa isiyo na rangi inayotembea ndani ya mmea pamoja na maji. Mmea unapoumwa, wino unawaka rangi ya chungwa chini ya taa ile, siku nyingi kabla jani halijajikunja. Kilikuwa ndicho kipimo cha sheria. Mmea usiowaka umefaulu.

Bibi Harusi hakuwaka hata jani. Kibogoyo naye hakuwaka. Yusta akashusha pumzi, kisha mwanga wa taa ukaangukia miche ya Galus, ambayo nayo alikuwa ameinywesha wino kama mingine yote.

Ile iliyopandwa kando ya Kibogoyo ilikuwa giza tupu, mizima. Ile iliyopandwa kando ya Bibi Harusi ilikuwa inawaka, mstari mzima, rangi ya chungwa kama makaa.

"Hii miche ilikuwa safi, baba Galus?"

"Naapa kwa jina la mama yangu. Iliyobaki iko nyumbani, twende ukaione."

Walikwenda na taa na wino, wakainywesha, wakaiona. Ilikuwa safi. Wakati wa kurudi Galus, ambaye sasa alikuwa ameelewa kwamba kuna jambo, alitembea nyuma ya Yusta hatua kadhaa akifikiria atakachomwambia mkewe akifukuzwa kazi.

Wagonjwa walikuwa wamechomwa. Neti haikuwa na tundu. Nzi walikuwa wamebaki na meza mbili tu za kulia, Bibi Harusi na Kibogoyo, na waliokula kwa Bibi Harusi walikuwa wametoka na ugonjwa mdomoni.

Alikata jani la Bibi Harusi, akalisaga, akalitia kwenye mashine ya kusoma vinasaba. Hakuna aliyewahi kulitia humo, kwa kuwa nani anampeleka hospitali mtu asiyeumwa? Mashine ilijibu kabla hajavuta kiti. Jani lilikuwa limejaa Rasta Mpya, kirusi juu ya kirusi, kimestarehe. Akaleta jani la Kibogoyo. Mashine ilitafuta, ikatafuta tena, ikaonyesha vipande vya kirusi vilivyokatikakatika na hakuna kizima hata kimoja. Kibogoyo asiye na meno alikuwa amemtafuna adui yake.

Bibi Harusi hakuwa ameushinda ugonjwa. Yusta alikuwa ameuumba mmea usiosikia maumivu, na wino unapima maumivu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Aliketi kwenye kiti cha maabara, akafunika uso kwa mikono, na kwa muda mrefu hakuwa mkuu wa kituo chochote.

*

Mama Fidea Nyenza hakuwa na desturi ya kubisha hodi mara mbili. Alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wakulima wa Nyanya, mama mfupi mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, na alikuja kituoni siku mbili kabla ya Kufungua kwa sababu Yusta alimwita. Alikuwa ameshapita kitaluni.

"Kamwene, mwanangu. Nimetoka kumwona bibi yetu harusi. Amependeza hadi nimetamani kumchumbia."

"Kamwene, mama. Karibu chai." Yusta akammiminia, akamwekea sukari kama anavyoipenda, nyingi, na akaliweka jambo mezani lilivyo. "Mama, Bibi Harusi ana rasta."

Fidea akarudisha kikombe kwenye sahani. "Hana hata jani lililokunja uso."

"Ndiyo shida yake. Ameubeba ugonjwa na haumwi. Nzi akimnyonya anaondoka nao, anakwenda kuuacha kwa jirani."

"Jirani yupi?"

"Yeyote ambaye hakupanda mbegu yetu. Kila mwenye nyanya nyuma ya jiko, kuanzia hapa mpaka Mahenge. Bonde zima likiota Bibi Harusi, msimu mmoja tu nyanya ya kienyeji imekwisha. Na mbegu yake imekwisha pia."

Fidea alikoroga chai ambayo ilikwisha kukorogeka. Hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa mtu aliyechaguliwa na watu wenye shida, na watu wa namna hiyo hujifunza kuuliza maswali kwa mpangilio fulani.

"Sheria inasemaje?"

"Inauliza kama mmea umesimama na umezaa."

"Na umesimama na umezaa."

"Ndiyo, mama."

"Basi mbona unaninywesha chai ya matanga?" Akasogeza kikombe. "Yusta, nisikilize. Msimu wa juzi tuling'oa. Wa jana tukang'oa. Vijana waliokuwa wakijaza matenga wamekwenda Makambako kubeba mbao. Malori yamepandwa na kuku. Nikisimama niwaambie wanachama wangoje tena, sitakuwa na wanachama wa kuwaambia. Sasa unataka niwape Kibogoyo? Yule hata soko la jioni atachekwa."

"Atazaa."

"Atazaa kwa mapenzi yake." Fidea akainama mbele, sauti ikashuka. "Na hao wa nyuma ya jiko, kwani hawawezi kununua miche kwetu?"

"Wanaweza. Watanunua wote, kila msimu, maisha yao yote, kwa sababu sisi ndio tuliowaulia ya kwao."

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli, na gurudumu lilikuwa linalia. Lilipita, likaishia mbali.

"Hilo la mwisho," alisema Fidea polepole, "usiliseme mbele ya wanachama. Kuna watakaolipenda."

Akasimama, akajifunga kitenge upya. Mlangoni akageuka. "Kiganja ni chako. Mimi kesho kutwa nitakaa mstari wa mbele. Ukimfungua Bibi Harusi, nitapiga vigelegele. Ukimfungua Kibogoyo, nitasimama nikuulize mbele ya watu wote, na uwe na jibu linaloliwa, maana watu wangu hawashibi maneno."

Alipokwisha kuondoka, Yusta alikwenda kitaluni, akasimama mbele ya Bibi Harusi. Lazima isemwe, alitamani. Alitamani kwa moyo wote. Hakuna mtu duniani aliyelitia jani lile kwenye mashine isipokuwa yeye, na hakuna aliyelazimika kulitia. Nyanya za majikoni zingekufa, watu wangesema Rasta Mpya imezidi, na jina la Yusta Kihwele lingebaki kwenye kila tenga lililoshuka Kariakoo. Alishika tunda moja, zito, la moto kwa jua, akalia bila kujificha, kama anavyolia mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe ndiye aliyevunja nyumba ya jirani. Kisha akajifuta kwa kiwiko na kwenda kumtafuta Galus.

Alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, amekwisha kukusanya vitu vyake kwenye mfuko.

"Unakwenda wapi na mfuko, baba?"

"Nasubiri barua, Daktari."

"Hakuna barua. Kosa lile usilirudie maishani mwako. Mashahidi hawang'olewi hata akija malaika." Yusta akachuchumaa mbele yake. "Lakini ndilo jaribio pekee la kweli lililofanyika msimu huu. Sisi wote tulikuwa tunauliza nani anaumwa. Wewe ndiye uliyeuliza nani anaambukiza, bila kujua unauliza. Nataka ukosee tena, Siku ya Kufungua, mchana kweupe, watu wote wakiona."

Galus alimtazama akitafuta mzaha. "Yaani nikosee rasmi."

"Rasmi kabisa. Leta miche yako iliyobaki."

*

Watu walianza kufika kabla umande haujakauka. Walikuja wa Umoja, wamevaa sare za kitenge chenye picha ya tenga. Walikuja madalali, wenye malori, wapishi wa pilau, na kwa kuwa siku ile kituo hakikuwa na mlango, walikuja pia akina mama wa majumbani ambao hawakuwa na shimo hata moja la mbegu zilizofungwa, wamekuja kuangalia tu. Kwaya ya kanisa la kigango iliimba. Mbuzi wawili wa zawadi walifungwa kwenye mlingoti, ambao hawakuuheshimu hata kidogo.

Yusta alipanda jukwaani mapema, na hakusoma hotuba. Aliwaita wajumbe wa Umoja waje mbele. Galus akaleta vizimba viwili vya neti, kila kimoja kina miche ya kienyeji ambayo wajumbe wenyewe waliipitisha chini ya taa ya zambarau, ndani ya hema jeusi, wakaiona haina hata cheche. Kisha wakaongozana na Galus kitaluni, wakamwona anakusanya nzi weupe kwenye Bibi Harusi na kuwatia kizimba cha kwanza, anakusanya wengine kwenye Kibogoyo na kuwatia cha pili.

"Sasa vifungwe," alisema Yusta. "Lakini si na mimi. Mwenyekiti, kwa heshima yako."

Mama Fidea alikuja, macho yake yakimpima Yusta. Alivua mtandio wake akafunga kizimba cha kwanza, akaazima wa jirani yake akafunga cha pili, mafundo ya mwanamke aliyefunga mizigo ya sokoni maisha yake yote. Vizimba vikaachwa jukwaani, peupe.

Rasta Mpya ilikuwa haina adabu ya kungoja. Mche mchanga ukiumwa na nzi asubuhi, mchana umeanza kuugua, na wino hauchelewi kusema. Ilipokaribia saa saba, mkuu wa wilaya amekwisha kuhutubia na kwaya imerudia nyimbo zake, Yusta aliwaomba wajumbe wabebe vizimba hemani, na waliobaki wapite kwa foleni waone wenyewe.

Kizimba cha Kibogoyo kilikuwa giza. Kizimba cha Bibi Harusi kilikuwa kinawaka.

Foleni ilikwenda, na kila aliyetoka hemani alitoka na uso mwingine. Walioelewa haraka walianza kuwaeleza wenzao. Akina mama wa majumbani walielewa haraka kuliko wote, na waliacha kucheka.

Yusta akasimama mbele ya maikrofoni.

"Bibi Harusi ni kazi yangu," alisema. "Nilimpenda kabla hajawa na jina. Sheria inasema amefaulu, na mimi nikimfungua leo hakuna mahakama itakayoniita. Lakini amebeba ugonjwa tumboni na kazi yake itakuwa kuugawa kwa kila asiyemnunua. Simfungui. Namfungua Kibogoyo."

Kelele zilipanda. Mwenye malori mmoja, mrefu, shati limemtoka suruali, alisimama juu ya kiti. "Daktari, sisi hatukuja hapa kwa ajili ya mboga za nyuma ya jiko. Tumezika misimu miwili. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyo Kibogoyo nitamtembeza mpaka wapi?"

Wengi walipiga makofi. Yusta alijua hilo lilikuwa swali la haki, na akamtazama Mama Fidea, ambaye alikuwa amekwisha kusimama. Bonde lote lilinyamaza kumsikia mwenyekiti.

"Nilimwahidi Daktari kwamba nitamuuliza," alisema Fidea, na hakuhitaji maikrofoni. "Namuuliza. Kirusi kinachokaa ndani ya Bibi Harusi, kinakaa tu, au kinasoma?"

Yusta alishangaa. Hilo hakuwa amelitarajia kutoka upande ule. "Kinasoma, mama. Kila siku kinapozaliana ndani yake kinajifunza zaidi. Hakuna kinachokifukuza, kwa hiyo kina nafasi ya kujifunza msimu mzima, ndani ya mashamba yetu yote kwa pamoja."

"Na siku kikihitimu?"

"Kitamuua Bibi Harusi mwenyewe. Na hatutakuwa na nyanya nyingine ya kurudia, kwa sababu za kienyeji zitakuwa zimekwisha. Huko ndiko tunakochukua damu mpya ya kuunda mbegu. Kibogoyo mwenyewe bibi yake alitoka nyuma ya jiko la mtu."

"Na ndani ya Kibogoyo?"

"Ndani ya Kibogoyo hakisomi. Kinakufa. Nzi akila kwake anatoka hana kitu. Tukipanda bonde zima, Rasta Mpya itakosa pa kulala."

Fidea akamgeukia yule mwenye malori. "Umesikia, Zakayo? Wewe unataka tumpe mwizi chumba, kwa sababu leo anaiba kwa jirani. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Watu wakaanza kucheka, kidogo kidogo, kicheko cha watu waliokuwa wamejikaza muda mrefu. "Na soko mniachie mimi. Nani hapa amewahi kuona sura ya nyanya ikiwa imeshaingia kwenye mchuzi? Galus, nipe hilo tunda baya."

Galus akampa tunda la Kibogoyo, lililo baya kuliko yote aliyoweza kupata, na akampa kisu. Fidea alikata, akatafuna mbele ya bonde zima bila haraka, maji yakimchuruzika hadi kidevuni. Akafikiri. Akakata kipande cha pili akampelekea Zakayo mkononi. Zakayo alikula kwa sababu ukipewa chakula na mama mbele ya watu hukatai. Akatafuna. Akanyoosha mkono kuomba kipande kingine, na hapo uwanja mzima ukalipuka.

Vigelegele vilianzia kwa akina mama wa nyuma, vikaja mbele, vikamkuta Fidea amekwisha kuanza vyake. Yusta aliweka kiganja kwenye kioo cha ufunguo. Kilikuwa cha baridi. Alichagua jina, mashine ikamuuliza kama ana uhakika, akasema ndiyo kwa sauti, ingawa mashine ilitaka kidole tu.

Milingoti ikavuma juu ya vilima. Hakuna aliyesikia chochote isipokuwa wale mbuzi, ambao waliruka kwa pamoja na kukata kamba. Watu walikimbilia kwenye shamba lililopakana na kituo, wazee kwa vijana, wenye viatu vya ngozi na wenye kandambili, wakapiga magoti kwenye udongo kama watu waliodondosha pete. Galus alifukua shimo moja kwa kidole. Gamba lilikuwa limepasuka, na ndani yake kitu cheupe, chembamba, kilikuwa kimeanza kujikunjua kuelekea juu.

"Ameamka," alisema Galus.

Ule mlio wa furaha uliotoka pale ulisikika mpaka barabara kuu. Walimbeba Yusta juu juu, naye alikuwa mzito na mrefu, na walimbeba vibaya, kichwa chini nusu ya safari, akicheka na kulia kwa zamu. Alijua kwamba katika kila shimo la bonde lile, kando ya mche mmoja unaoamka, Bibi Harusi wake alikuwa anaoza kimya. Iliuma. Lakini yalikuwa maumivu ya mtu mzima, na alikuwa tayari kuyabeba.

*

Msimu ule Rasta Mpya ilikufa njaa. Wataalamu waliitafuta mashambani kwa taa na kwa mashine, wakaitafuta nyuma ya majiko, wakaambulia vipande. Malori yalishuka Dar es Salaam yamejaa Kibogoyo, na wanunuzi walicheka wiki ya kwanza, wiki ya pili wakauliza bei, wiki ya tatu wakagombana. Vijana wakarudi kutoka Makambako. Mama Fidea alitengeneza kitenge kipya cha Umoja, chenye picha ya nyanya isiyo na meno inayocheka.

Jumamosi moja Yusta alipita soko la Ilula. Mwanamke mmoja alikuwa ametandika gunia chini, ameweka mafungu ya nyanya ndogo za kienyeji, nyekundu zisizolingana, bado zina udongo. Yusta akainama kuchagua.

"Chagua hizi, dada," alisema yule mwanamke. "Hizi ni za kwangu mwenyewe, mbegu ya bibi yangu. Achana na yale madude ya mashambani yaliyokunjamana. Sijui hata nani aliwachagulia watu kitu kibaya namna ile. Lazima hakuwa na macho."

Yusta alimtazama. Mwanamke yule hakumjua, hakuwahi kusikia habari za hema wala vizimba, na hapakuwa na sababu yoyote ya kuzisikia. Nyanya zake zilikuwepo, na yeye alikuwepo akizisifia.

"Hakuwa nayo, mama," alisema Yusta. "Nipe mafungu mawili."